Mshiriki wa Tano

Greyville, Durban
Jumapili, saa nne asubuhi

Mke wangu Mama Idrisa,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ikikukuta umesimama najua utaiweka juu ya kabati na kuendelea na kazi zako. Goti la mama linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyoituma mara ya mwisho ilimfaa, au aliigawa kwa majirani kama kawaida yake? Na kifua chako je, baridi ya asubuhi bado inakisumbua? Mimi mwili ni mzima. Zuhura naye mwili ni mzima. Nimeandika mwili kwa makusudi.

Wiki tatu sasa napiga simu yako kila nikitoka kazini. Inaita mpaka inakata. Zuhura anasema kwake ni vilevile. Neno la mwisho nililolisikia kutoka kwako ni lile: "Kwa hiyo mimi nilizaa mmoja?" Nikafungua mdomo kujibu, tayari ulikuwa umekata. Shabani, fundi mwenzangu, anapanda basi kesho kutwa, na ameniahidi kuikabidhi barua hii mkononi mwako, si kwa mtu mwingine. Nitakueleza mambo kwa kufuata daftari langu, siku baada ya siku, kwa sababu nikieleza bila daftari nitaanza kujitetea.

Unajua kwamba Zuhura yuko mwaka wa tatu wa sosholojia. Mwaka huu kila mwanafunzi alitakiwa afanye utafiti wake mwenyewe, na bila huo hamalizi. Yeye akachagua kuandika juu ya wageni kama sisi: tunavyopokelewa hospitalini, shuleni na kwenye ofisi za vibali, nani anasikilizwa haraka na nani anaambiwa asubiri, na mtu anafanya nini na jina lake na lugha yake ili apite. Nilifurahi. Niliona kwamba miaka yote aliyokaa hapa kimya akiangalia, kumbe alikuwa anaweka akiba.

Alihitaji washiriki watano. Huko chuoni anayehojiwa ndiye anayeitwa mshiriki. Mimi nilimsaidia kumpata mmoja kule kiwandani Pinetown, Mkongo tunayekata naye vitambaa vya ovaroli meza moja, anaitwa Papa Dieudonné. Nilimwambia tu kwamba kuna mwanafunzi wa kutoka kwetu anatafuta watu. Sikumwambia ni binti yangu, maana Zuhura aliniomba nisimwambie. Alisema mtu akijua ni mtoto wa rafiki yake atakubali kwa aibu, na utafiti hautaki mtu wa kukubali kwa aibu. Washiriki wengine wanne aliwapata mwenyewe kule mtaa wa Point anakokaa na wenzake.

Kabla ya kuanza alisaini karatasi ya chuo. Karatasi hiyo ina mistari mingi, na mmojawapo unasema kwamba mtafiti hana undugu na mshiriki yeyote. Alisaini bila wasiwasi kwa sababu wakati ule ilikuwa kweli.

Sasa mshiriki wa tano alikuwa mama mmoja Mkongo wa saluni, Mama Gloire. Alikubali kwa maneno, akapanga siku, akanunua hata soda. Siku yenyewe Zuhura alipomtolea fomu ya kukubali kuhojiwa, yule mama akarudisha kalamu mezani. Zuhura alinisimulia alivyosema: "Mutoto yangu, kuongea nitaongea mpaka kesho. Signature hapana. Iko ofisi moja tu inaomba signature yangu, na ile inanitosha." Zuhura akamweleza kwamba jina lake litabadilishwa. Mama Gloire akacheka, akamwambia, "Kama mutabadilisha jina, signature ni ya nini?" Na hapo, mke wangu, sidhani hata chuo kizima kingekuwa na jibu.

Zilibaki siku tisa. Daftari linasema alikuja kwangu Jumanne jioni, akakaa kitandani, hakuvua viatu. Akasema, "Baba, nikikosa wa tano wanairudisha kazi yote." Nikamwambia nitamtafuta mwingine kiwandani. Akasema siku hazitoshi. Halafu nikasema mimi. Si yeye aliyesema, nataka ulijue hilo. Nilisema, "Nihoji mimi." Akanikumbusha ule mstari wa undugu. Nikamwambia jina si linabadilishwa? Basi nibadilishe.

Alinihoji Alhamisi, mezani kwangu. Hakukaa kitandani kama siku zote, alivuta kiti akakaa mbele yangu, akaweka simu katikati. Akasema, "Asante sana kwa kukubali kushiriki." Nikacheka.

"Baba, usicheke, inarekodi."

"Haya. Karibu sana, mtafiti."

"Na usiniite mtafiti!"

Aliuliza kama nimewahi kukosa huduma kwa sababu ya lugha. Unanijua, sipendi kujibu kwa kukisia. Nikavuta sanduku chini ya kitanda, nikatoa daftari la mwaka ule wa kwanza alipokuja kuishi na mimi, akiwa na miaka minane. Nikamsomea siku ya zahanati. Alikuwa na homa kali. Mbele yetu alikuwa mama mmoja aliyezungumza Kiswahili na mwanawe, na yule muuguzi alipomsikia tu akamwonyesha mwisho wa foleni, aanze upya. Mimi nikaamua kujifanya bubu. Nilionyesha kwa vidole: mtoto, paji la uso, moto. Na Zuhura alipotaka kusema "baba, maji," nikamziba mdomo kwa kiganja. Tulipata dawa.

Nilipomaliza kusoma, akanyoosha mkono akaizima simu. Akaniuliza taratibu, "Ndiyo maana ulinifunga mdomo?" Nikasema ndiyo. Akasema miaka yote hii aliikumbuka siku ile kama siku niliyomkasirikia kwa kuugua. Tulikaa hapo mpaka chai ikapoa. Nilidhani utafiti huu ni baraka. Nilimwambia mtafiti jambo ambalo sikuwahi kumwambia mwanangu.

Baada ya siku chache alileta alichokiandika ili nihakikishe. Pale kwenye zahanati alikuwa ameandika kwamba mshiriki wa tano, mwanaume anayeishi peke yake, alijifanya bubu ili mtoto wa jirani yake apate dawa.

"Mtoto wa jirani?" nikamuuliza.

"Nikiandika mtoto wake, mwalimu atauliza yuko wapi sasa, ana miaka mingapi, anasoma wapi. Umekasirika?"

"Hapana."

Na kweli sikukasirika. Nilimsahihishia tu jina la mtaa, alikuwa amelikosea.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini chuo kiliandaa Jumamosi moja ya wanafunzi kueleza kazi zao mbele ya walimu, na washiriki wakaalikwa kuja kusikiliza. Zuhura alisema nikitaka nisiende. Mimi nikasema mtu aliyehojiwa asipofika ndiye anayetiliwa shaka. Nilivaa koti la kijivu, nikaketi safu ya pili. Papa Dieudonné aliponiona akapaza sauti ukumbi mzima: "Baba Idrisa! Na wewe iko ndani? Ulinificha!"

"Niliombwa mwishoni," nikamwambia.

"Eish! Leo tumekuwa ba professeur wote!" Akatoa simu yake, akasema lazima arekodi, watu wa kwao wasije wakabisha.

Zuhura alieleza vizuri, Mama Idrisa. Ningetamani ungesikia hiyo sehemu badala ya ile uliyoisikia. Alisimama wima, hakusoma karatasi. Kiingereza chake mimi nilikifuata kwa nusu tu, lakini niliona walimu wakiandika.

Alipomaliza, mwalimu wake akatugeukia sisi washiriki. Ni mama wa makamo, mpole, hana dharau hata kidogo. Alikuwa amesikia jina aliloniita Papa Dieudonné. Akataka kujua kama Idrisa ni jina langu. Zuhura akamweleza kwamba kwetu mtu akishazaa haitwi tena kwa jina lake, anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na hiyo ni heshima. Mwalimu akafurahi sana, kwa sababu ndiyo hasa mambo wanayoyasoma, jina la mtu linavyotoka kwa watu wengine. Akauliza, basi huyo Idrisa yuko wapi?

Zuhura alinigeuzia swali kwa Kiswahili huku akiangalia meza. "Anauliza Idrisa yuko wapi."

Nikasema, "Mwambie alifariki. Tulimzika Ujiji akiwa na miaka minne."

Akamwambia. Mwalimu akaweka mkono kifuani. Halafu akauliza swali lingine, kwa sauti ya chini, kwa huruma tu.

"Anasema pole sana," Zuhura akasema. "Anauliza kama una mtoto mwingine."

Nami nikajibu, "Mwambie hapana."

Ulichosikia ndicho nilichosema. Sauti haikukatwa wala haikuunganishwa. Kimya kile unachokisikia baada ya hapo ni Zuhura. Kisha unamsikia akisema kwa Kiingereza, kwa sauti safi, kwamba mshiriki hana mtoto mwingine. Mwalimu akaandika.

Ningeweza kusema nina binti, yuko nyumbani na mama yake. Ingetosha. Hilo lilinijia nikiwa tayari nashuka ngazi. Wakati ule kichwani mwangu kulikuwa na karatasi ile tu, mwanaume anayeishi peke yake, na niliogopa nikiongeza mtu mmoja kila kitu kitabomoka juu ya kichwa cha mtoto. Papa Dieudonné hakuwa na ubaya. Aliirusha ile rekodi kwenye kikundi cha simu cha Waswahili wa hapa kwa sababu alijisikia fahari, na kutoka hapo imesafiri mpaka kwa shemeji yako, na kutoka kwake mpaka kwako. Hajui mpaka leo.

Lakini si hilo lililotuvunja. Nilitaka ulijue hili kutoka kwangu kabla ya mtu mwingine.

Kesho yake, Jumapili, Zuhura alikuja kula kama kawaida. Nilikuwa nimepika wali na maharage ya nazi. Alikula kidogo, nikadhani ni uchovu. Nikaenda kuosha sahani, na daftari langu nililiacha wazi mezani, kwa sababu kwangu hakuna cha kumficha. Niliporudi alikuwa amelisoma. Nakuandikia maneno yenyewe kama yalivyo:

"Jumamosi. Maonyesho ya utafiti chuoni. Nimejibu maswali yote. Mambo yamekwenda vizuri. Sambusa zilikuwa za baridi."

Akaniuliza, "Sambusa umezikumbuka?"

Nikamwambia anajua mimi naandika yaliyotokea tu, sikuwahi kuandika mambo ya moyoni, hata siku ya Idrisa niliandika saa na jina la makaburi. Akasema anajua. Akasema kwa upole, na upole ule ndio unaonikosesha amani mpaka leo: "Maisha yangu yote unaitwa Baba Idrisa, na mama anaitwa Mama Idrisa. Sijawahi kulalamika. Nilijiambia ni desturi, hata kwenye utafiti nimeiandika vizuri kwamba ni desturi. Lakini jana uliulizwa na mtu asiyejua desturi. Alikuuliza tu kama una mtoto mwingine."

"Nilikuwa nakulinda, mwanangu."

"Najua. Lakini hukusita, baba. Mimi nilisita."

Akavaa viatu, akaniambia chakula kilikuwa kizuri, akaondoka. Jioni ya siku hiyohiyo ndipo ulipopiga simu wewe.

Jumatano ya wiki hii alikwenda mwenyewe kwa mwalimu wake akasema ukweli wote. Hakuniuliza wala hakuniaga. Niliitwa Ijumaa. Nilimwomba ruhusa msimamizi wa kiwanda, nikaenda. Nilimwambia yule mwalimu kwa Kiingereza changu cha sekondari kwamba wazo lilikuwa langu, kosa ni langu, na kama kuna adhabu waiandike kwa jina langu, lile la kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema si suala la kosa la nani, baba. Akasema kazi ni nzuri, na kwamba yeye binafsi ameumia, lakini haiwezi kupokelewa. Zuhura ataanza upya na watu wengine watano. Wenzake watavaa majoho mwisho wa mwaka huu na yeye atakuwa bado anahoji watu. Kisha akanipa karatasi niandike uhusiano wangu na mtafiti. Nikaandika baba mzazi. Niliandika kwa herufi kubwa, na Zuhura alikuwa amekaa kando yangu akitazama dirishani. Nilidhani atageuka.

Tukatoka pamoja. Nje ya lango kuna mama Mkongo anauza machungwa na karanga kwenye beseni. Nikasimama kumnunulia Zuhura machungwa, nikitafuta tu sababu ya kumchelewesha. Yule mama alitutazama mmoja mmoja, akacheka. "Papa, huyu ni mutoto yako? Hata huwezi kukataa. Paji la uso ni lilelile."

Mimi nikanyamaza kwa makusudi. Nilitaka ajibu yeye. Nilitaka nilisikie kutoka mdomoni mwake.

Zuhura akasema, "Hapana, mama. Tumekutana tu hapa."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemsaidia mwenzake kupita mahali. Akanipa mkono wa kuniaga kama watu wanavyoagana ofisini, akavuka barabara taa ya robot, ile ya kuongozea magari, ilipobadilika. Mama wa machungwa akanipa moja la nyongeza, akasema, "Samahani, Papa, macho yangu iko mabaya." Nikamwambia macho yake hayana tatizo lolote.

Hiyo ni juzi. Leo ni Jumapili. Nimepika na ninaandika, na ikifika saa saba nitajua kama anakuja. Jumapili mbili zilizopita hakuja, ingawa alituma ujumbe kusema ana kazi. Ninamwamini, maana ana watu watano wa kutafuta.

Nisalimie mama mkwe, mwambie ninamwombea goti lake na asipande tena kigoda kufikia rafu ya juu. Msalimie kaka yako mkubwa aliyetufungia ndoa kwa baraka zake, na umwambie aliponisifu siku ile kuwa ni mtu wa mpangilio, hakujua mpangilio unaweza kumfanyia mtu nini. Shemeji aliyekurushia ile sauti naye msalimie, sina kinyongo naye. Na mjomba anayeangalia kaburi la Idrisa, mwambie nashukuru kwa kupalilia.

Mama Idrisa, mimi usinipigie. Nikae hivi mpaka utakapoona inatosha, nitavumilia, na najua nimestahili. Lakini simu ya Zuhura ipokee. Yeye anaamini unamnyamazia kwa sababu sauti iliyosema kwa Kiingereza ni yake. Mimi nilisema hapana, yeye alitafsiri tu alichoambiwa na baba yake. Ukimpata usianze na habari za chuo wala za kwangu. Muulize kama amekula, na amekula nini, na kama kule Point usiku anajifunika vizuri. Ana miaka ishirini na mmoja, na kwa wiki tatu hizi hakuna aliyemuuliza.

Ni mimi mumeo,
Hamisi